Simu nyekundu ya Washington na Moscow haikuwahi kuwapo

Filamu zimetuzoesha simu nyekundu juu ya meza ya rais wa Marekani, akiinua tu anaongea na Moscow. Haikuwapo. Makubaliano ya Juni 1963 yalileta teleprinta, yaani mashine za kutumiana maandishi, na za Marekani ziliwekwa Pentagon, makao makuu ya jeshi, wala si Ikulu. Kila upande uliandika kwa lugha yake. Kutafsiri ilikuwa kazi ya mpokeaji. Maandishi yalipendelewa makusudi: kwenye simu mkalimani hukosea, na hasira hujibu kabla ya akili. Kilichozishtua pande zote mbili ni mgogoro wa makombora ya Kisovieti huko Kuba, 1962, ambapo ujumbe mmoja wa Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, ulichukua karibu saa 12 kupokelewa na kufumbuliwa. Juni 1967, Waarabu na Israeli wakipigana, Waziri Mkuu wa Usovieti Kosygin na Rais Johnson wa Marekani waliandikiana kwa mashine hizo.