Filingi nyeusi ya jino isikutishe, ila ijue

Hapa Dodoma swali tunaloulizwa sana ni hili, eti dokta hii filingi nyeusi niliyozibwa zamani si inanimwagia zebaki mwilini? Ni swali la haki kabisa, maana karibu nusu ya uzito wa amalgamu, yaani huo mchanganyiko wa madini wa filingi nyeusi, ni zebaki, iliyobaki ni fedha, bati na shaba, na wenye ndugu kwenye machimbo ya dhahabu kule Singida wanajua zebaki inavyodhuru watu. Ila machimboni inachomwa motoni mpaka inakuwa mvuke, kwenye jino imeshashikana na hayo madini mengine, inayotoka ni kidogo sana, na inaongezeka ukitafuna, ukinywa chai ya moto au kama unasaga meno usiku.

Kutu nayo ipo, tusidanganyane. Mate yana chumvi na yanapitisha umeme, ndo maana ukiuma kwa bahati mbaya kile kipande cha foili iliyofungiwa kuku, jino lenye filingi linapiga shoti mpaka unaruka! Na ndo maana hatupendi jino la dhahabu ligusane na amalgamu, kutu inaenda mbio zaidi. Filingi za zamani zenye shaba kidogo zina sehemu dhaifu ya bati na zebaki, hiyo ndo inaliwa kwanza, zile zenye shaba nyingi zilizoingia kuanzia miaka ya 1960 zinahimili zaidi. Sasa wengi hawajui kwamba kutu ya bati inajaza ule upenyo mwembamba kati ya filingi na jino, bakteria wanakosa njia, kwa hiyo kuna kutu inayosaidia. Ule weusi wa juu ni fedha imekutana na salfa ya vyakula, basi.

Kwa hiyo filingi isiyo na tatizo usiitoe kwa woga jamani, drili ikipita pale ndo unavuta mvuke mwingi kwa mkupuo na sehemu ya jino isiyo na ugonjwa inakatwa bure. Itolewe kama imevunjika, jino limeoza chini yake, au shavu linaloigusa limetoka mabaka meupe yasiyopona.

Filingi mpya ni habari nyingine. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki, ambao Tanzania tumo, ulikubaliana 2022 kwamba watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha wasiwekewe amalgamu isipokuwa daktari ameona ni lazima. Dada kama una mimba hata changa sema kabla hujakaa kwenye kiti, uombe filingi nyeupe.