Rimu Pana kwenye Gari Lililoshushwa: Vipimo Vitangulie Ununuzi

Wengi wanaoleta Toyota Altezza au Subaru Impreza gereji kwetu hapa Mbeya huwa wameshanunua rimu. Zimepangwa kwenye buti, na mwenye gari anataka zifungwe siku hiyohiyo. Gari nalo limeshashushwa, ama kwa springi fupi za dukani, ama kwa springi za kiwandani zilizokatwa kwa grainda, na upana wa rimu umechaguliwa kwa macho. Kazi yangu ni magurudumu na upimaji wa alaimenti, yaani pembe na mwelekeo wa magurudumu, na katika makala haya nitaeleza kwa nini utaratibu huo umekaa kinyumenyume. Kimo cha gari ndicho kinachopaswa kuamuliwa kwanza, kisha vichukuliwe vipimo, ndipo rimu ichaguliwe kwa kufuata vipimo hivyo, na tairi liwe la mwisho.

Mgongoni mwa rimu huandikwa kitu kama 17x7 ET50. Namba mbili za mwanzo ni kipenyo na upana kwa inchi, na hizo kila mtu anazisoma. ET ni ofseti, yaani umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi kwenye uso unaokalia habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. ET ikiwa kubwa, rimu huingia ndani kuelekea kwenye shokapu. Ikiwa ndogo, hutoka nje kuelekea kwenye fenda. Ndiyo maana siwezi kumjibu mtu anayenipigia simu na kuuliza kama rimu ya inchi 8 itaingia kwenye gari lake, kwa kuwa rimu mbili zenye upana huo zinaweza kukaa mahali tofauti kwa zaidi ya sentimita moja.

Tuchukue Altezza yenye rimu za kiwandani za 17x7 ET50. Inchi 7 ni milimita 177.8, na nusu yake ni 88.9. Ukitoa 50 unapata milimita 38.9, ambazo ni umbali wa ukingo wa nje wa rimu kutoka kwenye uso wa habu. Ukijumlisha 50 unapata milimita 138.9 za upande wa ndani. Sasa mwenye gari analeta rimu ya 17x8 ET35. Nusu ya inchi 8 ni milimita 101.6, kwa hiyo nje inakuwa 66.6 na ndani 136.6. Upande wa shokapu umepata nafasi ya ziada ya milimita mbili na kidogo, lakini upande wa fenda rimu imetoka kwa karibu milimita 28, na kwenye gari lililoshushwa hizo ni nyingi sana. Rimu hiyohiyo ingekuwa ET45, ingetoka takriban milimita 18 nje na kuingia takriban 8 ndani, na kwa Altezza huo ndio mgawanyo ninaoupenda. Hesabu hii hufanyika kwenye simu ukiwa bado umesimama dukani.

Hata hivyo, hesabu inakuonyesha tofauti kati ya rimu ya zamani na mpya tu. Nafasi iliyopo chini ya fenda yako haijulikani mpaka uipime, na kuipima gari likiwa limetulia sakafuni hakutoshi, kwa sababu tairi haligusi fenda gari likiwa limetulia. Linagusa pale gurudumu linapopanda juu huku stelingi ikiwa imekatwa. Gari lililoshushwa limekwisha kutumia sehemu ya safari hiyo ya kupanda kabla hata halijaondoka nyumbani.

Njia ninayoitumia ni hii. Gari linainuliwa na kukalishwa kwenye stendi imara. Shokapu inatolewa, springi inaondolewa kwa kifaa cha kubania springi, wala si kwa waya au mnyororo kama nilivyowahi kuona kwa wenzangu, kisha shokapu inarudishwa bila springi. Gurudumu linafungwa, na jeki inawekwa chini ya mkono wa chini, ule ambao mafundi tunauita loa ami. Jeki inapandishwa polepole hadi mpira wa kizuizi ulio kwenye fito ya shokapu ubanwe kabisa. Hapo ndipo juu kabisa panapofikiwa na gurudumu. Stelingi inazungushwa taratibu kutoka kushoto mpaka mwisho hadi kulia mpaka mwisho, na wakati huo mimi nina rula ya chuma na kipande cha chaki: naweka alama kila panaposalia chini ya milimita tano, iwe ni kwenye mdomo wa fenda, kwenye plastiki ya ndani, kwenye pembe ya bampa, au nyuma kwenye mwili wa shokapu. Kwa gari moja kazi hii hula sehemu kubwa ya siku, na ndiyo sababu wengi huikwepa.

Matokeo hutofautiana kwa aina ya gari. Altezza ina mikono miwili kwa kila gurudumu, wa juu na wa chini, na gurudumu linapopanda, kichwa cha tairi huinama kuelekea ndani, kwa hiyo fenda hupata nafuu kidogo. Impreza, upande wa mbele, ina shokapu inayosimama moja kwa moja juu ya kiungo cha gurudumu, na ukilishusha gari kupita kiasi, mkono wa chini ukawa umeelekea juu badala ya kulala, faida ya tairi kuinama ndani hupungua na hatimaye hugeuka. Kwa Subaru, pia, bakuli la springi la koilova (shokapu yenye springi inayorekebishika kimo) linaweza kuwa ndilo la kwanza kukutana na bega la tairi, kabla hata ya fenda.

Wakazi wa jiji hili wanajua kwa nini nasisitiza hivyo. Barabara kuu ya TANZAM, kuanzia Uyole hadi Mbalizi, hubeba malori yanayokwenda na kutoka Tunduma mchana na usiku, na sehemu nyingi lami imebonyea ikafanya mifereji miwili. Ongeza matuta na rasta, kisha kona za kwenda Tukuyu ukiwa na abiria wanne: gurudumu la upande wa nje wa kona linabanwa hadi juu huku stelingi imekatwa, hali ileile niliyoiiga kwa jeki. Tairi pana vilevile hufuata mifereji hiyo kuliko tairi jembamba, na stelingi huanza kuvuta huku na kule bila dereva kuomba. Mteremko wa Iwambi ukiwa umebanana na malori si mahali pazuri pa kuligundua jambo hilo.

Mdomo wa ndani wa fenda ukiwa ndio kikwazo pekee, unaweza kukunjwa. Rangi ipashwe moto kwanza ili isipasuke, mdomo ukunjwe kidogo kidogo kwa kifaa cha roli, na mkunjo uzibwe kwa silanti baadaye, kwa sababu mvua za Rungwe hazisamehi bati lililo wazi. Kukata fenda kwa grainda sikufanyi.

Kuhusu tairi, lengo ni kupata upana bila kubadilisha kipenyo sana. Tairi la kiwandani la Altezza hiyo, 215/45R17 (upana wa milimita 215, ukuta wa asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17), lina kipenyo cha takriban milimita 625. La 235/40R17 lina takriban 620, pungufu kwa chini ya asilimia moja, na linakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 8. La 225/45R17 lina takriban 634, na kwa barabara zetu za mitaani zenye mawe ningelipendelea hilo kama nafasi inaruhusu, kwa kuwa ukuta wake ni mrefu zaidi. La 235/40R18, ambalo kila mtu analitamani, linafika milimita 645. Hiyo ni asilimia tatu juu ya la kiwandani, na kwenye gari lililoshushwa sentimita moja ya ziada juu ya gurudumu ndiyo inayokula plastiki ya ndani. Mita ya mwendo nayo itasoma pungufu kwa kadiri hiyohiyo. Angalia pia namba ya uzito ubavuni mwa tairi: 87 ni kilo 545 kwa tairi moja, 90 ni kilo 600, na haifai kushuka chini ya ile ya kiwandani. Mwenye Subaru inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne asichanganye vipenyo mbele na nyuma, kwa kuwa tofauti hiyo inaichosha difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Mwenye Altezza, inayosukumwa nyuma tu, ana uhuru zaidi.

Upo mtindo wa kunyoosha tairi jembamba juu ya rimu pana ili likwepe fenda. Unakwepa fenda kweli, lakini unaacha mdomo wa rimu wazi mbele ya kila shimo, na gharama ya rimu iliyopasuka ni kubwa kuliko ya kununua ofseti sahihi tangu mwanzo.

Sasa nati, jambo dogo linalonitia hofu kuliko mengine yote. Nati za rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota zina shingo iliyonyooka na kikalio bapa, ilhali rimu nyingi za dukani zinataka nati ya koni. Ukifunga ya bapa kwenye tundu la koni, zinagusana kwa ukingo mwembamba tu, na nati italegea. Nyuzi nazo si sawa: Toyota hutumia M12x1.5 na Subaru hutumia M12x1.25. Zinafanana kwa macho, lakini ukilazimisha kwa spana ya upepo unaharibu stadi, yaani skrubu ya habu inayopokea nati. Ukiweka spesa, yaani kipande cha kusogeza rimu nje ya habu, hesabu mizunguko ambayo nati inaingia: isipungue minane kwa Toyota na kumi kwa Subaru, vinginevyo stadi ndefu zinahitajika. Tundu la katikati nalo lipimwe. La Altezza ni milimita 60.1, wakati rimu za dukani mara nyingi huwa na tundu kubwa zaidi, na bila pete ya kujaza pengo hilo stelingi hutetemeka kwenye mwendo wa barabara kuu hata kama magurudumu yamesawazishwa vizuri.

Gari likishafungwa kila kitu, ndipo linapanda mashine ya alaimenti. Wateja huniambia kwamba kulala kwa tairi, yaani kichwa chake kuinama ndani, ndiko kunakolimaliza upande wa ndani. Kuna ukweli kidogo, lakini mlaji mkuu ni kule magurudumu kuelekea nje au ndani yakitazamwa kutoka juu, hali inayobadilika kila gari linaposhushwa. Tairi la kipenyo cha milimita 620 likiwa limeenda pembeni kwa milimita 3 tu kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma, linasuguliwa kando karibu mita 5 katika kila kilomita moja. Kwa safari ya kilomita 300, ambayo haikufikishi hata Iringa, hiyo ni karibu kilomita moja na nusu ya kufuta lami kama kifutio kwenye karatasi. Mimi huacha kulala kwa digrii moja na nusu hadi mbili bila wasiwasi, lakini mwelekeo naurudisha karibu na sifuri.

Jaribio la mwisho halihitaji mashine. Paka chaki mdomo wa ndani wa fenda zote nne, jaza watu kiti cha nyuma, na upande tuta polepole kwa mshazari, kwanza kushoto halafu kulia. Chaki ikifutika mahali, pana kazi imebaki. Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, newtonimita 103 kwa Altezza, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu zikiwa zimepoa. Siku hiyohiyo pitisha kiganja kwenye ubavu wa ndani wa tairi, ule usioonekana gari likiwa limesimama, ukitafuta mkwaruzo unaozunguka tairi zima. Ukiupata, rudi na gari kabla hujalipeleka safari ndefu.