Ngome ya Corfe haikuangushwa na uzee

Wageni wengi wanaofika Corfe, katika jimbo la Dorset kusini mwa Uingereza, wakiona kuta zilizoinama hudhani ngome imeliwa na mvua na miaka. Sivyo. Ilibomolewa makusudi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme wa Uingereza na Bunge, Mary Bankes, mke wa mwenye ngome, aliilinda kwa ushupavu upande wa mfalme, na hata mizinga haikuiteka. Mwaka 1646 ofisa wa ndani aliwasaliti wenzake, akawaingiza askari wa Bunge. Bunge likaamuru ivunjwe isitumike tena. Kuta zikachimbwa chini, zikategwa baruti. Ukifika, simama kwenye lango la kusini-magharibi: nusu yake imeteremka nzima nzima mlimani, bado wima. Mvua haifanyi kazi hiyo! Mawe mengi yalichukuliwa kujengea nyumba za kijijini.