Kugombea Udiwani Katika Jiji Ulikokulia: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuchukua Fomu

Mkazi anapotangaza nia ya kugombea udiwani katika jiji alikokulia, kwa kawaida hoja yake ya kwanza ni kwamba yeye ni mtoto wa pale, anajulikana tangu utotoni. Huo ni mtaji wa kweli mbele ya wapiga kura, lakini hautoshi mbele ya sheria. Uingereza, kwa mfano, mgombea wa baraza la eneo, pamoja na kutimiza miaka 18 na masharti ya uraia, anaweza kustahili kwa kuwa mpiga kura aliyeandikishwa humo, au kwa kuishi ama kufanya kazi yake kuu katika eneo hilo kwa miezi 12 mfululizo kabla ya uteuzi. Mahali alikozaliwa hapaulizwi.

Fomu ya uteuzi huwaangusha watu wengi mapema, na inasikitisha kwa sababu makosa yenyewe huepukika. Pale sheria inapotaka wadhamini wawe wapiga kura wa kata ileile, saini ya anayeishi ng'ambo ya barabara, mpaka wa kata unakopita, haina kazi hata akiwa ndugu wa damu. Ni vyema kila jina lihakikiwe katika daftari la wapiga kura kabla ya mtu kutia saini, na fomu irudishwe siku kadhaa kabla ya mwisho, ili kasoro ikionekana pawe na muda wa kuirekebisha.

Linalohitaji kufikiriwa zaidi ni ahadi. Baraza la Jiji la New York lina wajumbe 51, la Chicago 50 na la Los Angeles 15. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kupitisha bajeti peke yake. Anayeahidi "nitajenga mfereji" anaahidi kura za wenzake ambazo bado hajaziomba. Kabla ya kulisema jukwaani, namsihi aulize kwanza kama barabara utakakopita mfereji huo ni ya jiji au ya serikali kuu, kisha afungue kitabu cha bajeti, atazame fungu la matengenezo, na aone kiasi gani kimebaki baada ya mishahara, madeni na mikataba iliyokwisha sainiwa. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo, na mgombea anayelieleza hilo waziwazi, akataja atakachokipa kipaumbele na kitakachosubiri, anawaheshimu wapiga kura wake kuliko anayeahidi kila kitu.

Kuna jambo ambalo wagombea hawalizungumzi inavyostahili: kadiri mtu alivyo na mizizi katika jiji, ndivyo anavyokuwa na viwanja, biashara na jamaa ambao maamuzi ya baraza yatawagusa. Kuwa nao si kosa. Kosa ni kuficha. Baraza likijadili kubadilisha matumizi ya ardhi mahali penye kiwanja chake, au zabuni aliyoiomba shemeji yake, diwani anapaswa kutamka maslahi hayo kabla mjadala haujaanza, na kanuni zikitaka hivyo, atoke ukumbini wenzake wanapoamua. Tamko lake huandikwa katika kumbukumbu za kikao, na ni vizuri mgombea aanze kuiorodhesha mali yake na ya watu wake wa karibu tangu sasa, akiwa bado hajaombwa kufanya hivyo.