Freddie Mercury hakuiacha Queen
Katika mazungumzo ya wapenzi wa muziki wa zamani hapa Dodoma, husikika mara kwa mara kwamba Freddie Mercury, mwimbaji mzaliwa wa Zanzibar, aliihama bendi yake ya roki ya Uingereza, Queen, alipotoa albamu yake binafsi. Dai hilo si sahihi. Albamu hiyo, Mr. Bad Guy, ambayo aliitoa kwa heshima ya paka wake, ilitoka Aprili 1985, na Julai mwaka huohuo alipanda na wenzake wote watatu wa Queen kwenye jukwaa la Live Aid, tamasha la hisani, uwanjani Wembley, London. Wala hakuwa wa kwanza katika bendi kutoa albamu kivyake, kwani mpiga ngoma wao Roger Taylor alikwisha kutoa albamu yake mwaka 1981.

Kati ya albamu zake nje ya Queen, Barcelona ya 1988, aliyoimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera kutoka Hispania, ndiyo ninayoiona bora zaidi, maana sauti zao hupokezana bila mmoja kumfunika mwenzake. Baada yake Queen ilitoa albamu mbili kabla Mercury hajafariki Novemba 1991. Kisha, mwaka 1995, wenzake walichukua nyimbo mbili za Mr. Bad Guy, wakaibakiza sauti yake na kupiga ala upya.