Godauni Tupu, Mtaa Uliojaa: Dhana Potofu Kuhusu Kufufua Mitaa ya Viwanda Nakuru

Nakuru ililetwa na reli. Garimoshi lilifika hapa mwaka wa 1900, na kilichofuata kilijipanga kandokando ya mataruma: maghala ya nafaka, vinu vya unga, kiwanda cha pareto, na mitaa ya vyumba vya wafanyakazi kama Bondeni, Kaloleni, Flamingo na Kivumbini. Baadhi ya mashine zilishanyamaza. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa mwaka wa 2014. Tangu mji upandishwe hadhi kuwa jiji, tarehe 1 Desemba 2021, kila mtu ana mpango wake kuhusu ploti hizi za karibu na katikati. Mipango si mibaya. Shida ni kwamba mingi ninayoisikia kwenye matatu na mabarazani imesimama juu ya mambo yasiyo kweli.

“Pale ni patupu, hakuna mtu”

Ukipita na gari utaona ukuta mrefu, geti lenye kutu na kibao kilichofutika. Shuka utembee saa saba mchana. Nje ya ukuta mama ameegemeza mabati yake, anauzia wapakiaji githeri na chapo. Getini askari wa zamu anachajia watu wa bodaboda simu. Ndani, seremala wamekodi kona moja ya godauni, wanapiga randa vitanda vitakavyouzwa mwisho wa mwezi, na upande wa pili fundi wa kuchomelea anatengeneza mageti. Hakuna hata mmoja mwenye mkataba ulioandikwa, kwa hiyo mchoraji ramani anapofika na kompyuta yake, anaandika “ardhi isiyotumika.”

Barcelona walipitia hayo. Poblenou, mtaa ulioitwa Manchester ya Catalonia kwa wingi wa viwanda vyake vya nguo, uliwekewa mpango mpya mwaka wa 2000 uitwao 22@, wa hekta zipatazo 200. Ulikuwa na mambo mazuri, nitayarudia. Lakini kwenye kiwanda cha zamani cha Can Ricart kulikuwa na karakana ndogondogo na wasanii waliokuwa wakifanya kazi, na walipotakiwa kuhama, mtaa mzima ulisimama. Ugomvi ule ulichukua miaka. Kama wangehesabiwa mwanzoni, huenda kelele nusu zisingekuwepo.

Hesabu ninayoisema hapa ifanywe mara mbili: mchana, kwa ajili ya wanaofanya kazi, na usiku, kwa ajili ya wanaolala.

“Kiwanda kikishafungwa, ardhi ni ardhi tu”

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho. Owino Uhuru kule Mombasa kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Watoto waliugua, kiwanda kikafungwa mwaka wa 2014, na mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mashine zilikuwa zimeshanyamaza, ila risasi haiozi wala haiyeyuki na mvua. Hukaa udongoni, ikachezewa na watoto.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno “nyumba” juu ya ploti ya kiwanda, uliza kilitengeneza nini. Gereji huacha oili na petroli. Mataruma ya mbao ya reli hupakwa kreosoti, dawa yenye sumu ya kuzuia mbao kuoza. Paa la zamani laweza kuwa la asbesto, na hilo halivunjwi kwa nyundo na vijana wa kibarua: hulowanishwa, huteremshwa bamba zima zima, hufungwa na kupelekwa panapokubaliwa, kwa kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Udongo huchukuliwa sampuli, kina kwa kina, ukapimwa maabara.

Udongo ukipatikana na sumu, ploti haijafa. Duisburg, Ujerumani, kiwanda cha chuma kilichofungwa mwaka wa 1985 kiligeuzwa bustani kubwa. Mbunifu Peter Latz aliacha tanuri zimesimama, udongo mbaya zaidi ukafungiwa ndani ya mahandaki ya zege, na pengine penye uchafu mwepesi mimea ikaachwa iote polepole. Leo watu hupanda kuta za maghala ya madini ya chuma kwa kamba, na tangi la gesi lilijazwa maji ya wapiga mbizi. Pasipofaa kulala mtoto huenda pakafaa kitu kingine.

“Bomoa vyote ndipo ujenge”

Kuta za mawe za magodauni yetu ni nene, paa ziko juu, na maji, umeme na barabara vimeshafika. Mtu anayebomoa analipia kubomoa, analipia kuzoa kifusi, kisha analipia kujenga alichokuwa nacho. London, nyuma ya stesheni ya King's Cross, ghala la nafaka la mwaka wa 1852 limekuwa chuo cha sanaa tangu 2011, na ndani ya fremu za vyuma za matangi ya gesi zimejengwa nyumba za kuishi. Bei za nyumba hizo hazisemeki, sitaki mtu aige bei. Aige ukuta.

Nakuru tuna sababu ya ziada: UNESCO iliuingiza mji wetu kwenye mtandao wa miji ya ubunifu mwaka wa 2021, kwa kazi za mikono na sanaa za jadi. Kazi za mikono zinahitaji paa pana na kodi ndogo. Ni magodauni hayohayo.

“Waliokuwa wakiishi hapo ndio watakaopewa nyumba kwanza”

Huambiwa hivyo kwenye kila mkutano. Hakuna anayedanganya kwa makusudi, pengine. Lakini ahadi ya mdomo mbele ya maikrofoni haina mahali pa kuishtakia.

Tuangalie namna mambo yanavyokwenda. Sheria ya nyumba za bei nafuu ya mwaka wa 2024, ile iliyothibitisha makato ya asilimia 1.5 kwenye mshahara, inagawanya watu kwa mapato. Nyumba za kijamii ni za mtu anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Zile zinazoitwa za bei nafuu ni za anayepata kuanzia hapo hadi 149,000. Sasa chukua mpangaji wa chumba kimoja cha zamani cha kaunti, anayeuza mitumba, wiki hii ana pesa wiki ijayo hana. Mradi ukijengwa na vyumba vingi vikawa vya kundi la pili, yeye hayumo, hata jina lake likiwa la kwanza kwenye daftari la chifu. Mradi wa Bondeni una nyumba 605, na ni kazi inayoonekana. Ila kwa mradi wowote, wa hapa au wa Kisumu, jumla ya nyumba haikuambii lolote mpaka ujue ngapi ni za kundi lipi, ngapi ni za kupanga na ngapi za kununua.

Kuna pia muda wa katikati. Nyumba zikivunjwa leo, mpya hazitakuwa tayari kesho, na mtoto ana shule, mama ana wateja. Mtu akihamia Kaptembwo au Rhonda kwa miaka mitatu, ameanza maisha huko. Njia inayofaa ni kujenga kwa awamu: safu ya kwanza isimame kwenye sehemu iliyo wazi kweli, wapangaji wahamie humo, ndipo zao zivunjwe. Ni polepole, na wanasiasa hawaipendi kwa kuwa utepe hukatwa vipande vipande.

Sheria inasemaje? Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Sheria ya ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2016, inataka notisi ya angalau miezi 3 hata kwa anayekalia ardhi bila kibali. Na wapangaji wa Muthurwa, Nairobi, mtaa wa zamani wa reli, walikwenda Mahakama Kuu baada ya kupewa notisi ya kuhama mwaka wa 2010. Uamuzi wa mwaka wa 2013 ulisema haki yao ya makazi ilikiukwa. Mwenye ardhi kuwa na hati hakumfanyi mpangaji kuwa kifusi.

“Ghorofa ndefu ndiyo huingiza watu wengi”

Si lazima. Ghorofa nne au tano zilizosongamana zikizunguka ua zinaweza kushinda minara iliyotenganishwa na maegesho ya magari. Ukizidisha ghorofa hizo unahitaji lifti, na lifti inataka umeme, jenereta na fundi, gharama zinazogawanywa kila mwezi kwa watu walioambiwa nyumba ni nafuu.

“Bustani ni anasa, tena huleta wezi”

Mwizi anapenda ukuta mrefu usio na dirisha. Bustani inayotazamwa na vibaraza, yenye muuza kahawa na taa zinazowaka, ina macho mengi mno kwake. Nyayo Gardens hapa katikati inaonyesha kiu iliyopo: watu hukaa kwenye nyasi kwa sababu hawana pengine pa kukaa bila kununua soda.

Lakini kwa Nakuru, uwanja wa wazi ni suala la maji pia. Menengai, mlima wa volkeno ulio juu ya mji, iko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nakuru liko karibu mita 1,760, na sisi tumekaa katikati ya mteremko huo. Mvua ikinyesha juu, inapita mitaani ikichukua oili ya gereji, plastiki na maji taka, na inaishia kwenye ziwa ambalo tangu 1990 liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu za kimataifa. Kila ploti ya kiwanda inayofunikwa saruji kuanzia ukuta hadi ukuta inaongeza kasi ya maji hayo. Uwanja wenye udongo, miti na bonde dogo la kuyapunguza kasi hufanya kazi ya mtaro bila kuitwa mtaro.

Nani alipe? Hapa narudi Poblenou. Chini ya 22@, mwenye kiwanda aliyeruhusiwa kujenga zaidi ya awali alitoa asilimia 30 ya kiwanja kwa umma: kwa bustani, kwa huduma, kwa nyumba za ruzuku. Thamani iliongezwa na jiji kwa kalamu, jiji likachukua sehemu yake. Hamburg, kwenye bandari ya zamani ya HafenCity, ploti hazikwenda kwa mwenye dau kubwa moja kwa moja. Wazo la ujenzi lilipimwa kwa uzito kuliko bei. Kwetu, kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka kiwanda kwenda makazi kunahitaji idhini ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya mwaka wa 2019. Idhini hiyo ndiyo wakati wa kudai. Ikishagongwa muhuri, kaunti imebaki kuomba.

“Kutoa maoni ni kupoteza muda, walishaamua”

Mara nyingine kweli walishaamua. Hata hivyo maoni yaliyoandikwa, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa, ndiyo mawakili huanza nayo mambo yakifika kortini, na mtu aliyenyamaza hana karatasi hiyo. Ukienda, usiulize mradi utakuwa mzuri namna gani. Omba nakala ya orodha ya wapangaji na wafanyabiashara waliohesabiwa, mgawanyo wa nyumba kwa mapato, matokeo ya vipimo vya udongo, na ramani inayoonyesha awamu ya kwanza itaanzia wapi. Kama orodha haijatengenezwa, omba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba haijatengenezwa, na ubaki mpaka uione imeandikwa.