Kuchambua manyoya ya mbuzi: hatua inayopandisha bei ya kashmiri

Kashmiri ni manyoya laini ya mbuzi yanayofumiwa sweta na shali za bei ghali. Mbuzi wake ana manyoya ya tabaka mbili. Ya juu ni singa ngumu zinazomkinga na upepo na theluji. Ya chini ni malaika, yaani vinyweleo vororo, inayoota kabla ya baridi na kulegea baridi inapokwisha. Hapo ndipo wafugaji wa Mongolia huichana kwa chanuo la chuma lenye meno marefu yaliyopinda. Mbuzi mmoja hutoa malaika safi kidogo tu, kwa hiyo sweta moja hula mbuzi kadhaa.

Kinachotoka kwenye chanuo ni mchafukoge: malaika, singa, mchanga, mba, hata mavi makavu. Hupangwa kwanza kwa rangi. Nyeupe ina bei zaidi maana hukubali rangi yoyote. Kisha huoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, polepole, kwani yakisuguliwa hushikamana yasiachane tena.

Pesa iko kwenye kuchambua, yaani kutenga malaika na singa. Zamani kazi hii ilikuwa ya vidole, na huko Kashmir iliwaangukia wanawake. Mwishoni mwa karne ya 19 Joseph Dawson wa Bradford, Uingereza, akaiundia mashine. Manyoya hupitishwa kwenye rola zenye meno zinazozunguka kwa kasi: malaika hung'ang'ania meno, singa nzito hurushwa nje. Mara moja haitoshi. Lakini kila ukirudia, singa hupungua na malaika nayo hukatika, kwa hiyo fundi mzuri huweka unyevu chumbani na hujua pa kukomea. Malaika iliyokatikakatika huwa laini ajabu dukani, ila ikishavaliwa kidogo huota vitonge kwapani. Mimi sweta laini kupita kiasi hunitia shaka.

Kipimo kipo. Sheria ya lebo ya Marekani inataka wastani wa unene usizidi mikroni 19 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na nyuzi zinazozidi mikroni 30 zisipite asilimia 3 ya uzito. Unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi.

Mongolia ni ya pili duniani kwa zao hili, nyuma ya China, lakini sehemu kubwa huiuzia China hiyohiyo ikiwa imeoshwa tu. Faida ya kuchambua hubaki kwa mwenye mashine.

Na hizi shali za bei poa madukani kwetu zinazoitwa "pashmina", jina la kashmiri nyembamba? Nyingi hazijawahi kumwona mbuzi. Chomoa uzi mmoja, uchome kwa kiberiti juu ya sahani. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni plastiki. Ukinuka karatasi, ni pamba au viskosi, uzi utokanao na mbao. Ukinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika vidoleni, ni manyoya ya mnyama. Mnyama gani, kiberiti hakisemi: sufu nyembamba ya kondoo hunuka vilevile. Kuzitenganisha kunataka hadubini, kwa sababu magamba madogo yanayofunika uzi wa kashmiri ni membamba kuliko ya kondoo.